Asifiwe Amsimulia Bibi Yake

Jumanne

Kumbe mtoto anajua Kiswahili! Miaka yote namwongelesha, ananijibu Kiingereza. Leo nimefika nyumbani Germantown, hapa Marekani, nimechoshwa na foleni, nafungua mlango, namsikia Asifiwe wangu akimsimulia Mama riwaya wanayosoma shuleni. Ni ya msichana wa Kiyahudi na mdogo wake waliowakimbia Wanazi. Meli yao imefika Marekani, lakini hawajaruhusiwa kushuka.

Kiswahili chenyewe sasa! "Bibi, anaogopa kwa sababu karatasi yake si mzuri."

Mama hajui Kiingereza, na hakumpa nafasi ya kupumua. "Wamemkatalia? Na mdogo wake je?"

"Ngoja, Bibi, nina-turn page," akafunua ukurasa.

Msichana aliposhuka salama, Mama alipiga vigelegele kama yuko harusini. Mimi nilijifanya napika, nisiwakatize.

Halafu Asifiwe akauliza lile ambalo sijawahi kuthubutu kuuliza. "Bibi, na wewe ulipokimbia vita Uvira, kule Kongo, ulivuka ziwa na nani?"

Nilijua Mama atanyamaza, kama kila mara Uvira inapotajwa. Au atasema amechoka.

"Na mama yako," akasema. "Nilimfunga mgongoni. Njia nzima anaimba! Watu mtumbwini wakaniomba nimnyamazishe, wanajeshi wasitusikie."

"Ukamnyamazisha?"

"Nilijaribu. Hakunisikia, kama wewe tu."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilibaki nimeshika mwiko. Sikuwahi kujua kwamba niliimba.

Wali uliungua. Tumeula hivyohivyo, na Mama akaomba aongezewe.