Uwanja wa Pale Bondeni

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Nyumbani hatujambo. Mjomba wako karudi jana toka kuvua Salale na kapu la kamba wabichi. Unaniuliza kwa nini niliwafokea watu wa halmashauri mkutanini. Sikiliza. Nilipoolewa hapa, walikuja wapimaji kuweka uwanja wa mpira kwenye shamba letu la mpunga bondeni. Nikataka kuwaambia maji hutuama pale. Mama mkwe akanifinya: "Mkamwana hasemi mbele ya wanaume!" Masika ikaingia, maji yakaufunika, tukakosa mpunga na uwanja.

Leo halmashauri wanauboresha uwanja palepale, na kuongeza bustani. Nikasema. Afisa mmoja akacheka: "Bibi, uhandisi umesomea wapi?"

"Matopeni, kabla mama yako hajaota meno!"

Vigingi wakavipigilia vilevile.

Basi usiniandikie tena nitulie. Nilitulia nikiwa mkamwana, na mpaka leo sijajisamehe.

Bibi yako