Vibao vya Kuazima

Jumatatu, 12 Januari

Asubuhi nimekagua kipande cha barabara cha serikali. Vibao kumi na viwili, koni, washika bendera wawili na fulana zao za kung'aa. Safi kabisa. Kwenye mkataba wa serikali kila kibao kimeorodheshwa peke yake, kisipoonekana mkandarasi anakatwa. Ndiyo maana vinaonekana.

Mchana kipande cha mwekezaji, kile ambacho kikiisha watu watalipia kupita. Mkandarasi ni yule yule. Mkataba wa huku nao una sura ya usalama, ila imesema tu mkandarasi ahakikishe usalama wa watumiaji wa barabara. Ahakikishe kwa kitu gani, haikusema. Basi hakununua hata kibao kimoja. Shabani, dereva wake, alitangulia na pikapu, akashusha vile vile vya asubuhi, akavisimika kwenye shimo la kalavati. Nikapiga picha. Nikajaza fomu, nikatia sahihi: Salma, mkaguzi wa usalama. Kabla sijafika mjini vibao vilikuwa vimesharudi kwao.

Kibao cha PUNGUZA MWENDO kimebonyea kona, kiligongwa na mkokoteni wa ng'ombe mwezi wa kumi na moja. Kiko kwenye picha za asubuhi, kiko kwenye picha za mchana. Nimekiona tangu siku ya kwanza. Shabani ananitania kwamba vibao vyake vinasafiri kuliko watu wa reli. Nacheka naye.

Mama kapika ugali na mlenda wa karanga. Nimekula mpaka nikaona aibu. Ya kula, maana ya kazi nilishaizoea.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua ya nguvu. Gari limekwama mara mbili. Nimepita lile shimo la kalavati, karibu na Igalula. Barabara imekatwa nusu yake, kina kinamzidi mtu mzima, na mchepuko unakata kushoto ghafla. Maji yamejaa mpaka mdomoni, ukilitazama ni dimbwi kama madimbwi mengine. Hakuna kibao. Hakuna utepe. Hata jiwe hakuna.

Nilitaka nisimame. Nikasema nitamwambia Mhandisi Gervas kesho, yeye ndiye bosi wangu ofisini kwetu kwa washauri tunaosimamia ujenzi, akimwandikia mkandarasi atasikia. Nilikuwa na njaa, viatu vimelowa. Naandika nisisahau.

Ijumaa, 16 Januari

Gervas alikuwa na wageni. Sikumwambia.

Jumanne, 20 Januari

Mtu ameingia shimoni.

Saa moja kasoro asubuhi. Mimi na dereva wetu tulikuwa wa kwanza kufika na gari. Baiskeli ilikuwa juu ya kifusi, tairi la mbele limekunjika. Yeye alikuwa chini kwenye maji ya tope, ameshika chuma cha kalavati, halii. Anaitwa Mzee Maganga. Mkulima wa karanga, na ndiye mwalimu wa kwaya kwenye kanisa lao la Moravian pale kijijini. Alikuwa anakwenda kupanda treni. Watu walimtoa kwa kamba. Mguu wa kulia sitaki kuuandika.

Nimempakia gari la mradi hadi hospitali mjini. Njia nzima kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu. Alikuwa ananipa pole mimi, eti nimechafua nguo.

Tunaondoka, wanakijiji walikuwa wanakata matawi mabichi na kuyapanga barabarani kabla ya shimo, hatua thelathini hivi, pande zote mbili. Kazi ya robo saa. Hakuna aliyewatuma wala aliyewakagua. Dereva yeyote wa nchi hii akiona matawi barabarani anajua apunguze. Mimi nina cheti cha usalama barabarani na Alhamisi nilipita pale na panga likiwa nyuma ya gari.

Jumatano, 21 Januari

Mke wa Mzee Maganga amekuja nyumbani. Mama Kulwa. Sijui mtaa wote huu wa Ng'ambo kaulizaje mpaka akafika kwetu. Kaja na kuku jike mweupe, kamfunga miguu, na karanga kwenye kitambaa. Kapiga goti kumsalimia mama yangu, kwa Kinyamwezi, mwangaluka, kisha kanishika mikono yote miwili. Kasema bila mimi mume wake angefia majini. Kasema nimezaliwa na mtu.

Mama katoa machozi. Kaita majirani wawili waje wanione, kama hawajaniona miaka thelathini na minne.

Nikasema asante. Nilisema asante! Mdomo wangu huu. Nilitamani ardhi ipasuke, na sakafu ya mama ni saruji.

Ijumaa, 23 Januari

Kikao ofisini. Ripoti ya ajali imeandikwa tayari, nami nilikuwa sijaulizwa kitu. Gervas kaisoma kwa sauti. Alama za tahadhari zilikuwepo, tazama fomu ya ukaguzi ya tarehe kumi na mbili na picha zake. Mwendesha baiskeli hakuzizingatia. Inawezekana hajui kusoma.

Fomu ni yangu. Picha ni zangu. Kila mmoja mezani alikuwa anatazama chai yake.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Niliomba sukari.

Jumapili, 25 Januari

Kuku hajachinjwa. Nimemwambia Mama namtaka atage. Mama anasema nina moyo.

Jumatano, 28 Januari

Wameukata mguu. Chini ya goti.

Nilikwenda na machungwa. Mama Kulwa aliniachia kiti chake, yeye akakaa chini kwenye kanga. Nikakaa kwenye kile kiti. Mzee Maganga aliniuliza kama ile nguo ilitakata.

Jumatatu, 2 Februari

Ukaguzi. Shabani kavisimika vibao tena pale pale, kando ya matawi. Matawi yamekauka, lakini kuna mtu amekwisha ongeza mabichi. Nikainua simu nipige picha na kibao kilichobonyea kikanijia katikati ya kioo. Nikaishusha. Shabani akasema, "Dada Salma, leo huna utani." Nikamwuliza anajisikiaje. Akasema yeye ni dereva, anabeba anachoambiwa abebe.

Nikamkasirikia. Kisha nikaona hasira ni ya kwangu mwenyewe, nimempakia yeye kwa kuwa ana pikapu.

Nimepiga picha. Nimetia sahihi. Ndiyo, hata leo. Nani atasoma humu anihukumu? Nimeshajihukumu na bado nimetia.

Alhamisi, 5 Februari

Gervas kaniita, kafunga mlango, kaniuliza habari za Mama. Hapo nikajua kuna kitu.

Kanipa karatasi. Mkandarasi, kwa ubinadamu wake, atagharimia hospitali na gongo la kutembelea. Mzee Maganga naye akubali kwamba alama zilikuwepo na kosa ni lake, na kwamba yeye na familia yake hawatadai chochote popote. Chini pameachwa kisanduku cha dole gumba. Hawakuweka mstari wa sahihi, kisanduku cha dole tu.

Nimpelekee mimi. Kwa sababu wananiamini wale, kasema Gervas. Wanakupenda sana, Salma.

Nikaipokea. Iko hapa kwenye mkoba. Nimeusogeza mkoba mbali na kitanda kama una nyoka.

Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda. Nasema kweli tupu hapa, hakuna pengine pa kuisema.

Mzee Maganga alikuwa amekaa, amenyolewa, anaelekeza mgonjwa wa kitanda cha pili aimbe sauti ya tatu. Nikamwambia nimeleta karatasi. Hakuuliza ni ya nini. Akasema, "Ukiona inafaa, mwanangu, nitatia." Mama Kulwa akainuka kwenda kwa manesi kuazima kidau cha wino.

Halafu mzee akasema nimsomee kwanza, miwani yake ilibaki shimoni.

Nikasoma. Jina lake, kijiji chake, tarehe. Nikafika pale kwenye alama za tahadhari zilikuwepo. Sauti ikagoma. Nikaanza upya kutoka kwenye jina, nikafika pale pale, ikagoma tena. Yeye alikuwa amefumba macho, anasikiliza vizuri, kama mtu anayesikiliza iwapo wimbo umekaa sawa. Mama Kulwa akarudi na wino, akausimamisha kitandani taratibu usimwagike.

Nikasema karatasi ina makosa ya uchapaji. Nikaikunja, nikatoka. Nimekimbia, niseme tu. Kwenye ngazi Mama Kulwa alinifuata kunirudishia mwavuli wangu na kuniambia nisijichoshe sana kwa ajili yao.

Mwoga mimi. Nimeshindwa kuwadanganya na nimeshindwa kuwaambia kweli. Hata uovu sijaumudu.

Jumatatu, 9 Februari

Nimeandika barua. Kurasa mbili. Kwamba kipande cha mwekezaji hakijawahi kuwa na vibao vyake tangu Novemba. Kwamba tarehe kumi na tano shimo nililiona wazi na sikufanya kitu. Kwamba sahihi zote ni zangu. Nimebandika picha mbili, ya asubuhi na ya mchana, siku moja, nimezungushia kalamu nyekundu ile kona iliyobonyea. Mtoto wa chekechea angeona.

Nakala kwa mwenye mradi, kwa mwekezaji, kwa polisi wa usalama barabarani. Nimezipeleka kwa mkono, nimegongewa mihuri ya kupokelewa. Ya Gervas nimempa mwisho.

Aliisoma amesimama. Hakufoka, na mimi nilikuwa nimejiandaa afoke. Akasema, "Unajua umejimaliza wewe mwenyewe kwanza." Najua. Akasema vibao vya kuazima viko kila mradi. Hilo nalo najua. Nikamwambia Alhamisi ile kulikuwa na panga garini. Hakuelewa, na sikumweleza.

Alhamisi, 12 Februari

Nimesimamishwa. Polisi wamechukua maelezo yangu kutwa nzima, nadhani wataniita tena, na huenda si kama shahidi. Ile ripoti ya ajali imeondolewa. Ile karatasi ya dole gumba ninayo bado, polisi wamepiga nakala.

Nimemwambia Mama. Vyote, kuanzia Novemba. Alikuwa anachagua mchele. Hakunikatiza, hakulia. Babu yake alikuwa mpagazi aliyezaliwa na mpagazi, watu wa kubeba mizigo ya wenzao njia hii hii hadi pwani na kuifikisha, na Mama hupenda sana kulisema hilo wageni wakija. Leo hakulisema. Alimaliza mchele wote, akapepeta, akauliza kitu kimoja.

"Na kuku wa watu?"

Jumatano, 18 Februari

Mama anaongea na mimi ya lazima tu. Chumvi iko wapi. Funga mlango. Majirani hawajaambiwa kitu, kwa hiyo bado wananisifu nikipita. Nazunguka nyuma ya msikiti nisikutane nao.

Mzee Maganga karuhusiwa jana. Yuko kwao.

Jumamosi, 21 Februari

Mfungo umeanza. Nimekwenda na treni mpaka Igalula, kisha kwa miguu, kuku kwapani na mayai saba kwenye kikapu. Nilipita shimoni. Vibao vipo. Vipya, vimepakwa juzi, hakuna kilichobonyea. Matawi makavu yamesukumwa pembeni.

Mzee Maganga alikuwa kibarazani, gongo limeegemea ukuta. Shikamoo, nikasema. Marahaba. Hakuongeza "mwanangu". Kumbe wameshasikia, polisi walipita. Nikayasema hata hivyo, yote, nikiwa nimesimama. Mama Kulwa alinipokea kuku, akamfungua kamba, akamwachia uani kwa wenzake. Mayai akayaingiza ndani. Hakunikaribisha kiti na sikukitafuta.

Nikamwambia mzee kwamba ripoti haipo tena, kwamba anaweza kudai, na kwamba nitasimama popote nitakapoitwa niyaseme haya haya. Akaitikia kwa kichwa. Kuku walikuwa wanapigana, mgeni anafukuzwa.

Kisha akaniuliza kile kibao kingekuwa kimeandikwa nini.

Nikamwambia.

Akasema nimwandikie. Nikachana karatasi humu, katikati ya daftari hili, nikaandika kwa herufi kubwa. Akatoa miwani mfukoni, ya kuazima, yenye mkono mmoja uliofungwa uzi. Akaishika karatasi mbali kidogo na uso. Akasoma kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu, neno kwa neno, bila kukwama popote.

PUNGUZA MWENDO. SHIMO MBELE.

Akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. "Ningepunguza," akasema.

Nikaaga. Treni ya kurudi ilichelewa.