Simu Uliyonibadilishia

Wanging'ombe,
9 Julai 2016.

Mpendwa mjukuu wangu Efraimu,

Kamwene. Mnaamkaje huko Mwanza? Peace na mtoto hawajambo? Mimi ni mzima. Baridi ni kali na magoti yananisumbua, lakini jembe bado nalishika.

Nakuandikia kwa mkono wangu, na darasa langu la nne hilohilo, maana neno hili siwezi kulisema kwenye simu. Utaona kwa nini.

Kwenye msiba wa shangazi yako Tabea ulinipa mkono, nikaukataa mbele za watu. Umewauliza wote bibi ana nini, isipokuwa mimi. Haya, sikia.

Ulipokuja likizo ulinibadilishia simu, ukaniletea ya aina nyingine kabisa, eti ile yangu imechoka. Nani alikuambia imechoka? Ile niliijua. Mtu akipiga, unashika alama ya kijani, unavuta juu, unamsikia. Hii yako ulinionyesha mara moja, mguu mmoja uko kwenye basi. Siku zile za kwanza alinipokelea jirani yangu Fidelia.

Wiki haijaisha, nikiwa shambani navuna viazi, ikaita. Nilijua Tabea amelazwa Makambako, ila walisema anaendelea vizuri. Nikaifungua kwenye khanga, nikaona sura yake, ile picha ya kilemba cha kwaya. Nikashika kijani, nikavuta juu. Ikaendelea kuita. Nikafuta udongo kidoleni, nikavuta tena. Ikanyamaza, halafu ikaita upya. Nikawa naiambia simu, "Tabea, nipo, mwanangu, nipo," na yeye kwenye picha anacheka tu. Fidelia alipofika mbio kutoka shambani kwake, ilishanyamaza moja kwa moja.

Fidelia akapiga. Akapokea Kristofa, mumewe Tabea. Akasema, "Mama, amekuita mpaka akachoka."

Tabea alikuwa ameshaondoka. Nikamuuliza Kristofa alitaka kuniambia nini. Hajui. Tabea alimwambia ni la mama.

Hilo ndilo nililonalo, Efraimu. La mama, na mama hakulisikia.

Baada ya matanga Fidelia alinifundisha. Kumbe hii inavutwa kwenda kulia. Basi. Kitu chenyewe ni hicho tu, na wewe ulikuwa na haraka ya basi.

Usiniletee ile ya zamani. Hii siitoi, jina la Tabea limo, kwa maandishi mekundu, jinsi alivyopiga asipokelewe. Ukija usiiguse.

Ila uje. Hasira sijamaliza, sikufichi, lakini Tabea ndiye aliyekubeba mgongoni mama yako akiwa mgonjwa, na mkono wako nitaushika.

Nisalimie Peace, umpakate mtoto kwa niaba yangu. Kristofa anawasalimu, amekonda. Mungu awakinge na baridi na mabaya yote.

Jumapili baada ya ibada nipigie. Nitapokea mwenyewe.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata nikikugombeza,
Idda