Majina Thelathini na Moja kwa Teleprinta

Alhamisi, 8 Mei 1958

Siku ya tisa ya kibarua hiki cha likizo. Nimetoka Makerere na kichwa kilichojaa historia na sheria, nami nimekalishwa chumba cha nyuma cha kampuni ya mkonge kunakili idadi ya marobota! Mashine yenyewe naistahi: teleprinta — unagonga herufi hapa Tanga, zinachapika papo hapo katika ofisi yetu ya Dar es Salaam. Mwendeshaji wake, Mzee Mwinyijuma, simstahi. Miaka ishirini ya "ndiyo, bwana" imempinda mgongo. Leo nimempita bila shikamoo, makusudi.

Ana ibada yake. Kwanza hugonga kitufe cha kuuliza nani yuko upande wa pili. Mashine ya Dar hujibu kwa jina la ofisi. Kisha — hapeleki neno! Hungoja karani wa kule agonge neno kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwuliza anangoja nini, ilhali jibu limekwisha kuja. Akasema ukipiga hodi, kubweka kwa mbwa si kukaribishwa, mwanangu. Woga mtupu, umevikwa joho la hekima.

Ijumaa, 9 Mei

Tadeo, kibarua wa mkonge, amekuja kwangu Nguvumali kwa baiskeli, kutoka shamba la kampuni upande wa Kigombe. Msimamizi wa shamba amempiga tena Praxeda, mkewe Tadeo, kwa kutomaliza ngwe yake, kipande cha kazi cha siku. Vibarua thelathini na mmoja wametia dole gumba kwenye malalamiko. Wakili wa Dar anataka majina Jumatatu asubuhi ayafikishe kwa hakimu. Yakishafika huko, kampuni haitathubutu kuwagusa. Kampuni ikiyaona kwanza, watafukuzwa kambini siku hiyo hiyo.

Barua haitawahi. Lakini Laurenti, karani wa ofisi yetu ya Dar, ni mwenzetu; atampelekea wakili. Nitawachapa mabwana kwa fimbo yao wenyewe!

"Tuna watoto, ndugu yangu," alisema Tadeo. "Asiyaone mtu."

Nikamwapia.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefanya! Mwinyijuma alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, nikaketi mashineni. Nani huko? Ikajibu mara moja. Nikayamwaga majina yote, na juu yake nikaandika: WALALAMIKAJI DHIDI YA DHULUMA. Nikauliza tena, ikajibu tena. Laurenti yuko imara kama mlingoti. Nakala yangu nimeichoma.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa nimewaambia Tadeo na wenzake: yamepokewa. Praxeda alinishika mikono yote miwili.

Jumatatu, 12 Mei

Laurenti amepiga simu, sauti ya chini. Jumamosi alitoka saa sita kamili. Hapakuwa na mtu. Mashine hujibu yenyewe. Jina la ofisi limetiwa tumboni mwake, ikiulizwa hulitaja hata chumba kikiwa kitupu. Majina yalilala pale, wazi, mpaka leo asubuhi — meneja mkuu akatangulia kuingia. Barua ina bahasha. Hii haina.

Saa nne orodha ikarejeshwa huku, kwa waya ule ule. Meneja wetu akamwita Mwinyijuma, maana nani mwingine aijuaye mashine? Nilisimama mlangoni. Mimi niliyeuhutubia ukumbi mzima wa Makerere juu ya ujasiri! Mzee alinitazama mara moja tu.

"Mashine iko mikononi mwangu, bwana," alisema.

Amefukuzwa kazi. Nami nilinyamaza. Nimeandika: nilinyamaza.

Saa nane mchana. Kiswahili cha meneja ni cha kuagizia chai. Ameniamuru nifuatane naye shambani kama mkalimani: vibarua watapangwa mstari, nami niwasomee majina, mmoja mmoja. Kila atakayetajwa atoe vyombo vyake kambini kabla ya magharibi. Amenipa karatasi mkononi. Amesema nisome kwa sauti kubwa, kwani amesikia mimi ni hodari wa kuhutubia.

La kwanza ni la Tadeo. Mimi ndimi niliyelitanguliza.

Motokaa inanguruma nje. Honi. Nikikataa, atasoma mwingine. Nikikubali —

Honi tena. Bado nimeketi.