Mkuki Wangu wa Mwaka Sabini na Mbili

Jumamosi, 3 Mei 2014

Leo! Mvua ya wiki nzima imeosha barabarani chumvi yote wanayomwaga kuyeyusha barafu, ile inayokula chuma cha magari. Nimeinama mbele ya nyumba, nikagusa lami kwa kidole, nikalamba. Mke wangu Kwamboka alikuwa dirishani. Anasema nikirudia atanipeleka mwenyewe kwa daktari wa vichwa. Lakini haikuwa na chumvi! Nikafungua gereji.

Miezi sita amelala humo chini ya shuka mbili kuukuu. AMC Javelin, mwaka 1972, rangi ya buluu, silinda nane. Javelin ni mkuki, kwa hiyo namwita Mkuki. Magari ya aina hii Wamarekani huyaita ya misuli. Yapo yenye majina makubwa, watu wanayavaa mpaka kwenye fulana. Langu hapana. Kampuni iliyoliunda ilishakufa. Hata mwenye duka la vipuri hapa Crystal, Minnesota, hukuna kichwa kwanza nikimtajia.

Amekohoa mara mbili. Mara ya tatu akanguruma, vikombe vya Kwamboka vikalia kabatini. Sikwenda popote. Nilikaa tu, mikono kwenye usukani, kama nusu saa. Furaha ya kijinga kabisa.

Niandike na hili kabla halijafifia. Nyumba ya mama kule Nyamira ilikuwa ya udongo, na ndani alibandika kurasa za magazeti kwa uji wa unga ili kuta zisimwage vumbi. Juu ya kitanda changu palikuwa na ukurasa wa rangi, sijui ulitoka kwa nani: gari la buluu kando ya ziwa. Nikiwa na miaka minane niliugua malaria, siku tisa nikiliangalia. Homa ikipanda, gari linasogea. Kweli! Lilitoka ukutani taratibu, likazunguka chumba bila sauti, likarudi mahali pake. Paa lilivuja upande ule, kwa hiyo nusu ya ukurasa ilioza. Nilijua uso wake tu, na yale mabega yaliyovimba juu ya magurudumu ya mbele. Nyuma sikuwahi kuona. Miaka arobaini nikawa najichorea mwenyewe kichwani.

Oktoba iliyopita nilikwenda mji wa jirani, New Hope, kwa mjane mmoja aliyekuwa anauza vitu vya marehemu mumewe. Nilifuata mashine ya kukata nyasi. Na pale ndani ya gereji — mabega yale! Nikapita pembeni, nikazunguka nyuma. Taa nyekundu, kutoka pembe hadi pembe. Nililia, mtu mzima mimi. Mjane akanipa kitambaa. Mashine ya nyasi mpaka leo hatuna.

Jumapili, 4 Mei

Sielewi kilichotokea leo kanisani.

Tunakodi jengo la Walutheri, Columbia Heights. Wakenya ndio wengi, na tangu mwaka juzi Wakongo nao wanaongezeka. Wakati wa ushuhuda nikasimama. Nikasema Bwana asifiwe, mnajua Corolla yangu ilikufa Januari nikawa mtu wa basi, sasa Mungu amenipa gari. Ni la zamani tu, la mwaka sabini na mbili, lakini namshukuru kwa hicho kidogo alichonijalia.

Ningesemaje? Kwetu ukipata ng'ombe unasema umepata ndama. Majivuno kanisani hayapendezi. Nilidhani wataelewa, watoke nje waone wenyewe, waduwae.

Badala yake ikapita “ooooh” moja ndefu, ya matanga kabisa. Mtu akasema pole, ndugu. Mchungaji Zadock akaniwekea mkono begani akasema Mungu hamwachi mja wake.

Baada ya ibada wakaja kweli kuangalia. Mumbi, mwenyekiti wa akina mama, aligusa boneti jinsi tunavyogusa paji la uso la mgonjwa. Akaniuliza kama hita inafanya kazi. Kamau akauliza kama breki zipo. Breki zipo!

Mama Donatille peke yake hakulisogelea. Ni mjane, alitoka kambi ya wakimbizi mwaka jana, Mkongo wa upande wa Bukavu. Mimi na Kwamboka tulimpeleka ofisi zote za makaratasi yake wiki zile za mwanzo. Alisimama kando na mkoba wake, akaliangalia gari muda mrefu.

Jumatano, 7 Mei

Nimetoka kazini, kwenye nyumba ya wazee, saa tisa mchana, mgongo umekwisha. Wazee kumi na wanne leo, kuwaogesha, kuwageuza, kuwalisha. Pale mimi ni mikono tu. Bwana mmoja wa chumba cha mwisho ananiita kila siku kwa jina la mtu aliyekuwa hapo kabla yangu, nami naitika.

Nikapita njia ndefu kando ya Mississippi. Madirisha wazi. Majani mapya, yale ya kijani kinachokaribia njano. Barabara inapinda, mto nao unapinda, Mkuki anapinda bila haraka. Nilikuwa sifikirii chochote. Nikashtuka niko kwenye maporomoko ya Minnehaha na sikumbuki kugeuka hata kona moja.

Jumamosi, 17 Mei

Mtaa wa Frogtown, jioni. Wenye magari ya zamani hukutana kwenye uwanja mmoja wa maegesho nyuma ya University Avenue. Nilimsugua Mkuki tangu asubuhi, nikavaa shati la kola.

Wa kwanza akauliza kama ni Mustang. Hapana. Camaro? Hapana. Nilipomtajia akasema “aa,” akaenda kutazama Mustang. Mwingine akaniambia, kwa wema kabisa, kwamba kwa nguvu nilizotumia ningejipatia gari la maana. Wakapiga picha gari jekundu lililokuwa kushoto kwangu, na la kijani la kulia. Sisi tuko katikati, mimi na Mkuki, kama wageni waliosahauliwa kukaribishwa.

Niliumia kidogo. Sana. Nimemweleza Kwamboka akacheka mpaka akakaa. Mwaka jana mimi ndiye niliyemcheka kwa vyombo vyake vya kabatini ambavyo havijawahi kuona ugali. Akasema mkuki kwa nguruwe mtamu! Neno lenyewe likamzidishia kicheko. Haya, nimestahili.

Lakini wakati wa kurudi! Treni mpya ya University Avenue inaanza mwezi ujao, sasa wanaijaribu. Inapita na taa zote zimewaka, ndani hamna mtu. Tukawa sambamba kutoka kituo cha Dale mpaka cha Lexington, treni tupu na sisi, mwendo uleule, jua linazama mbele yetu. Sikutaka taa igeuke nyekundu. Hao wa Mustang hawana walichokiona leo.

Jumapili, 25 Mei

Mambo ya ajabu. Mumbi amenipa chapati kumi na mbili na chupa ya chai, anasema nisife moyo. Watu watatu wamejitolea kunichukua asubuhi kwenda kazini. Kamau ananiuliza napendelea rangi gani, fedha au nyeupe. Rangi ya nini? Akasema ya shati.

Mchungaji amehubiri kuhusu kuacha vitu vya zamani. Kila akifika mahali pa uchungu, ananitazama mimi.

Kwamboka haniangalii usoni.

Alhamisi, 5 Juni

Nimejua.

Binti yangu Nyaboke ameniambia. Ana miaka kumi na sita, anaimba kwaya ya vijana, na siri kwake huwa haikai. Nilimwuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida, macho kwenye simu. Kwamba kanisa limeninunulia Camry. Rangi ya fedha. Kwamba Jumapili hii baada ya ibada nitaitwa mbele kukabidhiwa ufunguo. Kwamba Mkuki ameahidiwa mtu wa vyuma chakavu. Lori la kuvuta litakuja palepale kanisani, saa saba, ili nisirudi tena nyumbani na ile aibu yangu.

Kusagwa! Mkuki wangu!

Nikauliza nani alianza haya. Akasema ni Mama Donatille. Jumapili ileile ya ushuhuda alisimama kwenye kikao cha akina mama, akasema baba huyu alinibeba mimi, sasa na sisi tumbebe. Akatoa wa kwanza. Yeye, ambaye bado anangoja basi na mifuko ya chakula mikononi! Wengine wangebaki wameketi vipi?

Nikamwendea Kwamboka jikoni. Amekiri. Anasema alimweleza Mumbi mara tatu kwamba mume wangu analipenda lile gari, ni mapenzi, si shida. Mumbi akamwambia mke mwema huficha unyonge wa mumewe, Mungu akubariki. Mara ya nne akachoka. Halafu akanigeuzia kibao: nani alinituma kusema “hicho kidogo”? Ningesema Mungu amenipa gari zuri kuliko yote Minnesota, wangenisema wiki moja, yangeisha.

Akakoroga sufuria, akaongeza polepole kwamba Camry nayo ina hita.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda kwa Mchungaji Zadock kumaliza maneno. Nilijipanga njiani, sentensi kwa sentensi.

Nikamwambia Mchungaji, lile gari langu nalipenda. Akanishika mkono. Akasema huo ndio moyo wa shukrani unaokosekana siku hizi. Nikasema sina haja ya jingine. Akafumba macho, akasema imani kubwa! Nikasema lakini kweli, silioni kama kuukuu. Machozi yakamlengalenga. Kila nilichosema kiligeuka unyenyekevu mdomoni mwangu. Ningemwambia waziwazi kwamba najua siri yao, lakini nilimfikiria Mama Donatille. Siwezi kumrudishia yule mama mkono wake mbele za watu. Siwezi. Na siwezi kumpeleka Mkuki akasagwe.

Nikanywa chai vikombe viwili, nikaombewa, nikaondoka. Mwoga!

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilizunguka ziwa, Medicine Lake, mara mbili, taratibu. Maji yametulia, mawingu yote yako humo ndani. Kwenye kioo cha dirisha la duka nilituona tukipita, buluu ndefu, na mtu mmoja ndani yake ambaye kwa sekunde hivi sikumtambua. Alionekana mtu mwenye kwao. Nikarudi nyuma nipite tena nimwone.

Jumapili, 8 Juni

Naandika nikiwa ndani ya Mkuki, uwanja wa kanisa, daftari juu ya usukani. Wamenipa dakika kumi nitoe vitu vyangu.

Wameniita mbele. Wameimba. Ufunguo ulikuwa kwenye kikapu chenye leso nyeupe, na aliyeubeba ni Mama Donatille, kitenge kipya. Nilipiga magoti nikaupokea. Nifanye nini? Ufunguo uko mfukoni mwangu sasa hivi, unanichoma paja. Wakanipa kipaza sauti. Nikasema asanteni. Ilinitoka asante tu, na wao wakashangilia.

Camry iko pale, imefungwa utepe. Watu wameizunguka wanaimba na kupiga makofi. Lori la kuvuta limeshaingia, la manjano. Kwamboka amesimama kando ya Mumbi, mikono kifuani, ananitazama mimi, haitazami Camry.

Sina cha kutoa humu. Tambara la kusugulia vioo na kalamu.

Mlango wa abiria umefunguka. Mama Donatille. Ameingia, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Nimeacha kuandika kwa dakika chache. Sasa namalizia huku yeye yuko hapa.

Alipitisha kiganja juu ya dashibodi, mwisho hadi mwisho.

“Papa Elkanah,” akasema, “iyi motokari iko muzuri sana. Juu ya nini unaiacha?”

Kwa nini naliacha! Nikamwambia siiachi mimi, Mama. Ni gari ninalolipenda kuliko vyote nilivyowahi kuwa navyo. Niliona haya tu kujisifu.

Nikaona anaelewa, na nikaogopa anachoelewa.

“Baliisha kukuuliza kama unataka ingine?”

“Hapana, Mama, hawakuniuliza.”

“Miye vilevile. Wakati nilifika hapa balinipatia makoti saba. Saba! Hakuna mutu aliniuliza.” Akatikisa kichwa. “Na miye nimekufanyia vilevile. Pardon, Papa.”

Nikamwambia asiombe msamaha, ameninyanyua mbele za watu, sitasahau. Nililia, bila kitambaa safari hii. Akaniacha nilie. Kisha akasema:

“Washa, nisikie.”

Nimewasha. Mwandiko unacheza kwa sababu kila kitu humu kinatetemeka. Amefumba macho, anatabasamu, mkono mmoja uko kwenye mlango kana kwamba anasikiliza kwa kiganja.

Huko nje wimbo umekatika. Wote wamegeuka. Dereva wa lori amesimama na mnyororo mkononi, anazunguka kuangalia zile taa za nyuma ya Mkuki, anaita mwenzake aje aone. Mchungaji anakuja huku, mkono juu, sijui ananipungia au ananizuia. Kwamboka anamfuata kwa haraka.

Mama Donatille amefunga mkanda wa kiti. Anasema nisizime.