Barua ya Sifa Niliyojiandikia Mwenyewe

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba unisaidie, maana usaili wangu ni wiki mbili zijazo na kila ninayemuuliza ananiambia nidanganye au nijitoe, na mimi sitaki hata kimoja.

Ninafanya kazi katika maabara ya hospitali, nina miaka arobaini na moja, na mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita kwa kidonda cha mguu, kidonda ambacho yeye alikiita mgeni, eti mgeni ataondoka Ijumaa, na Ijumaa ikafika akasema ameomba kuongeza siku. Vijidudu vilivyokuwamo vilikuwa sugu kwa kila dawa aliyochomwa. Majibu ya kipimo yalitoka siku ya tatu baada ya maziko, na niliyeyapokea ni mimi, jina lake likiwa juu na chini yake orodha ya dawa, kila moja imeandikwa haifanyi kazi, isipokuwa ya mwisho, ambayo hatukumpa.

Baada ya hapo nikarudi chuo, nikasoma shahada ya pili jioni baada ya kazi, nikajifunza kuandika programu ya kompyuta inayosoma vinasaba vya vijidudu, maana hiyo inaweza kutuonyesha mapema dawa ipi itashindwa, tusikae kusubiri vijidudu viote kwenye sahani huku mgonjwa anazidiwa. Sasa nataka kusomea uzamivu katika kazi hiyo hiyo. Nimeomba vyuo sita. Vinne vilinikataa, kimoja kilinikubali bila ufadhili, kikasema nijitafutie mwenyewe, ni kama kuambiwa karibu ndani ila nyumba bado hatujajenga. Kimebaki kimoja, na hicho kinalipa ada na posho ya kujikimu kwa miaka yote minne.

Chuo hicho kilitaka barua ya mapendekezo kutoka kwa mhadhiri aliyenisimamia. Nilipomfuata ofisini akaniambia, "Mama, hebu iandike mwenyewe uniletee nisaini, mimi mitihani ya kusahihisha imenifika shingoni." Wote tuliosoma kwake tunajua ndivyo anavyofanya. Wenzangu walijiandikia kwamba ni nyota za kizazi chao. Mimi nikajaribu kujisifu nikaona aibu, basi nikaandika kweli tupu, kwamba mwanafunzi huyu ni wa kawaida, anachapa kwa vidole viwili, alikosa muhula mmoja akiugua, alilia maabara mara mbili mbele ya watu, ila hajawahi kubadilisha tarakimu ili jibu lipendeze. Hata ile programu yangu sikuitaja, ingawa wenzangu kazini wanaitumia kila siku, nilidhani si jambo. Mhadhiri akasaini huku anaongea na simu, akagonga muhuri, akaituma.

Juzi profesa wa kile chuo ameniandikia kwamba barua ile imewashangaza, hawajawahi kuona msimamizi akimwandika mwanafunzi wake hivyo, kwa hiyo wataniuliza juu yake kwenye usaili, na mhadhiri watampigia simu. Nilipomwambia mhadhiri akashika kichwa. "Mama, umeniua! Sasa sikiliza, wewe sema niliandika mimi, na mimi nitasema hivyo hivyo. Tukishikamana hapo nani atajua?"

Wifi yangu naye anasema niwaandikie naumwa, yaishe. "Utakaa darasani na watoto, wifi? Na kaka yangu hatarudi kwa kompyuta." Nikamwambia najua hatarudi, mimi ndiye niliyemvua soksi juu ya kile kidonda. Nikajuta kumwambia vile, lakini sijitoi. Nafasi hii naitaka. Ila nikisema kweli namchongea mwalimu wangu na huenda nikaikosa, na nikidanganya nitaanza uzamivu kwa kubadilisha jibu. Nifanyeje?

Asiyetaka Kujitoa

MSHAURI ANAJIBU

Asiyetaka Kujitoa, pole kwa mumeo. Na wifi yako naye kafiwa, kwa hiyo kampe mkono, lakini usimpe uamuzi.

Sasa nikugombeze. Nani alikuambia unyenyekevu ni kujichongea? Vilio viwili umevihesabu, programu inayotumiwa na maabara nzima umeiacha nje! Unasema uliandika kweli tupu. Hapana, dada yangu, uliandika nusu yake, ile nusu inayokudhalilisha. Kipimo cha mgonjwa ungekisoma hivyo ungefukuzwa kazi.

Kosa la pili ni kukubali kuandika barua ya mtu mwingine. Najua wote hufanya. Wale wanaosoma barua huko hawajui kama wote hufanya, wao wanaamini sahihi. Lakini mwenye mzigo mkubwa hapa ni yeye, aliyetakiwa kukutazama miaka miwili na kusema alichokiona, akakuachia kazi hiyo kisha hata kuisoma hakuisoma. Leo anataka ubebe na uongo juu. Usibebe.

Mwandikie profesa wiki hii, usisubiri usaili. Mistari michache inatosha: barua niliiandika mimi kwa maagizo ya msimamizi wangu, naye akaisaini, nilikosea kukubali, naomba mpokee barua mpya atakayoandika yeye mwenyewe. Usilie humo na usimtukane mtu. Kabla ya kuituma mwambie mhadhiri uso kwa uso kwamba unaituma, ili asiseme ulimzunguka. Mwombe pia mkuu wa maabara yako akuandikie, maana yeye anaiona hiyo programu ikifanya kazi kila asubuhi. Siku ya usaili ifungue uwaonyeshe, ukiwa na sampuli ambazo jibu lake linajulikana, na zile ilizokosea uzionyeshe pia. Halafu uwaulize wewe, tena uombe jibu kwa maandishi: posho hiyo ni ya miaka yote minne kweli, na msimamizi wa huko akihama inakuwaje? Anayekuja kufanya kazi ana haki ya kuuliza.

Unaweza kuikosa. Siwezi kukuficha hilo. Ukiikosa, msimu ujao unaomba tena vyuo sita vingine, na kabla ya kujaza fomu yoyote unawaandikia kwanza maprofesa wenye fedha za utafiti, uwaeleze kazi yako. Miaka arobaini na moja si ugonjwa.

Kwa sasa, Jumatatu asubuhi uwe mlangoni kwa mhadhiri. Atanyoosha mkono apokee karatasi asaini, kwa mazoea. Mwambie safari hii hukuandika kitu, umemletea kalamu tu, na kiti utavuta mwenyewe ukae mpaka amalize kuandika.