Sindano Ndani ya Nyumba ya Eda

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Saynab kaingia ofisini bila kubisha hodi. Nesi wangu huyu akisahau hodi, ujue kuna jambo. Mume wa Kaaha, mgonjwa wetu wa utafiti, amefariki, wamezika juzi kule Ijara.

(Kaaha si jina lake. Jina lenyewe siliandiki hata humu, ambamo hasomi mtu ila mimi.)

Nikasema masikini, halafu papo hapo nikauliza sindano yake inaangukia lini. Ndivyo nilivyo — tarehe kwanza, machozi baadaye. Mwisho ni Jumapili, tarehe 21. Saynab akanitazama kama vile anatazama mtoto. Akasema mjane yuko eda, hatoki nyumbani miezi minne na siku kumi.

Na dawa yetu ya virusi vya UKIMWI ni sindano moja kila miezi minne! Nilidhani ananitania.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Nimeipitia itifaki ya utafiti tangu mwanzo. Tuliandika mafuriko ya Tana. Tuliandika ukame na wafugaji kuhama. Ramadhani ipo, imepewa kurasa mbili. Hata barabara ya Hulugho kufungwa. Eda — hakuna. Na nusu ya timu yangu ni Waislamu waliozaliwa hapahapa! Nimemuuliza Saynab ilitupitaje. Akasema hakuna mwanamke anayekaa mkutanoni, akala samosa, huku akipanga mumewe afe. Billow, dereva wetu, akadakia kwamba hata waume wenyewe hawapangi.

Basi sheria ni ileile: sindano inachomwa kliniki tu, hapa Garissa mjini. Akikosa, anatolewa kwenye utafiti na kurudishwa kwenye vidonge. Lakini vidonge ndivyo vilivyomleta kwetu! Alikuwa akivificha ndani ya gunia la mchele, na mama mkwe hatoki jikoni, kwa hiyo wiki nyingine anameza siku mbili tu. Sasa nyumba imejaa wanawake waliokuja matangani, wanalala naye chumba kimoja. Avifiche wapi? Na sindano ikichelewa, dawa iliyobaki mwilini inakuwa haba. Haiui virusi, inavifundisha ukaidi tu. Nimeshawahi kuona mtu aliyefikia hapo. Kaaha hafiki hapo nikiwa hai.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Siku ya soko la mifugo, kwa hiyo kliniki imefurika. Wagonjwa wetu wengi huja Jumatano. Nyumbani wanaaga kwamba wanakwenda kuuza mbuzi.

Sheikh Shuaib pia alikuja sokoni nikamvuta ofisini. Yeye ni mjumbe wa kamati ya wenyeji inayotushauri, na ni mtu asiyezungukazunguka. Nikamuuliza kama mjane aliye eda anaweza kwenda hospitali. Anaweza, akasema, mchana, kwa haja, arudi kwake kabla ya usiku. Nikasimama kumshukuru. Akaniambia niketi kwanza.

"Daktari, ndugu za marehemu wataniuliza anaumwa nini. Mimi uongo sisemi. Na hiyo siri si yangu."

Kwa hiyo dini haina neno. Wenye neno ni watu. Na mjane hasafiri peke yake, lazima aandamane na shemeji au wifi, tena hadi kliniki ambayo Garissa nzima inajua ni ya nini.

Nimeshaamua. Kama hawezi kuja, sindano itaenda.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Mkutano kwa simu. Dr. Abigael wa ofisi ya utafiti ya Nairobi alikuwepo, na mkuu wa dawa wa kampuni inayoitengeneza, ambaye kwake ilikuwa bado alfajiri na hakuficha kwamba hajapenda. Nikaomba ruhusa ya kumdunga mshiriki nyumbani kwake. Mkuu akauliza mbona asiombe ruhusa ya saa moja tu. Nikaeleza. Akauliza tena, kwa maneno mengine. Nikaeleza tena. Mwishowe akasema kwa upole kabisa kwamba kumpoteza mshiriki mmoja si balaa, takwimu zitastahimili.

Damu ilinipanda. Nilimwambia takwimu zitastahimili, Kaaha je? Nilimwambia dawa hii tunaitengeneza kwa ajili ya mtu asiyeweza kuja, na huyu hapa, ndiye mtu mwenyewe. Dawa isiyoweza kuingia nyumba ya matanga haitafika popote North Eastern. Wakaisajili basi, wakaiuze kwa watu wanaokaa karibu na hospitali.

Abigael akasema anaomba niandike hayo yote, ila bila hasira.

Nimeandika. Hasira nimeitoa kwenye aya mbili. Ya tatu nimeiacha.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kamati ya maadili imekubali! Wanataka tu siri ya nyumba ilindwe. Kampuni bado haijajibu.

Mama kapiga simu kutoka Machakos. Ameuliza nitarudi lini karibu na watu. Nikamwambia hapa pia kuna watu, mama. Akasema nimemwelewa vibaya makusudi. Kweli.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Kampuni kimya. Nimempigia Abigael mara tatu. Ya nne kaizima.

Alhamisi, 18 Septemba 2025

Wamekubali. Kwa masharti: daktari mtafiti mkuu aende mwenyewe, dawa isitoke kwenye baridi, mgonjwa akae chini ya uangalizi saa nzima baada ya sindano, na asijue mtu yeyote. Hilo la mwisho ni rahisi kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa matangani.

Saynab amempigia Kaaha simu ya rambirambi. Kaaha amekubali twende, ila twende kama waombolezaji. Gari letu jeupe libaki. Lile na mchoro wake mlangoni linajulikana mpaka kambi ya wakimbizi ya Ifo.

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Tuko Ijara. Naandikia ndani ya nyumba yenyewe. Saa ya uangalizi haijaisha, na wanawake wakiniona na kalamu wanadhani ni kazi.

Tumetoka Garissa alfajiri kwa Probox ya shemeji yake Billow. Sukari kilo kumi, mchele, majani ya chai. Dawa katika kisanduku cha baridi, kile cha watu wa soda, na juu yake chupa za maziwa ya ngamia. Mimi nimejitanda vizuri. Saynab alinifunga ushungi mwenyewe akaniambia nisimsalimie mwanamume yeyote kwa mkono, na nikikosa la kusema niangalie chini. Nikamwambia nimekaa hapa miaka sita, ninajua. Akasema miaka sita na bado ninawakimbilia watu kwa mkono kama mgombea kura.

Kaaha amekaa mkekani, nguo nyeupe kuanzia kichwani. Wanawake kama kumi hivi. Tukatoa pole, tukasomewa dua, tukanywa chai. Kisha Saynab akasema kwa Kisomali kwamba mjane anaonekana kaishiwa nguvu, afadhali ajinyooshe kidogo. Tukamwingiza chumba cha ndani. Mlango ukafungwa. Sindano ikaingia. Dakika mbili tu! Baada ya vita vyote vile. Kaaha akafumba macho, akasema alhamdulillahi. Mimi nikataka kulia, nikaangalia chini kama nilivyofundishwa.

Nikatoka kurudisha kisanduku garini. Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya Probox na kikombe cha chai. Mama Nafiso. Mwembamba, mrefu, Kiswahili chake amekiokota sokoni, na p kwake ni b.

"Sindano umebiga?"

Nikasema tumekuja kutoa pole.

"Mimi si mtoto, daktari. Mtoto yangu nimelisha na hii mkono, miezi tatu, nikaona anaisha. Huyu msichana yeye ananenepa. Nikajua kuna dawa anabata."

Akaniwekea kikombe mkononi.

"Hii dawa. Mbona mtoto yangu hamkuletea?"

Mume wa Kaaha hakuwahi kukubali kupima. Kaaha alimsihi, Saynab alimsihi. Hilo nilikuwa nalo kwenye ulimi, nikalimeza. Marehemu naye ana siri yake, hata mbele ya mama yake. Nikasema pole, mama. Ndilo neno pekee nililokuwa nalo na lilikuwa dogo mno. Sijawahi kujisikia mtu bure namna ile, na vyeti vyangu vyote.

Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Halafu akasema kwamba eda ikiisha, Mustafe, mdogo wa marehemu, ndiye atakayemwoa Kaaha, maana mjane huolewa na ndugu wa mumewe. Anakuja leo. Niseme naye, ajue kabla ya ndoa. Mwana mmoja ameshamzika.

Nikamwambia siwezi. Mwenye neno ni Kaaha.

"Haye," akasema. "Basi uliza yeye. Mimi nitakaa karibu yake."

Nimerudi ndani, nikamweleza Kaaha kwa sauti ya chini kwamba mkwewe anajua, na anachotaka. Nilidhani atazimia. Akauliza, dawa hii ikifanya kazi, atamwambukiza mtu? Nikasema virusi vikibaki chini, la, na ndiyo sababu nimekuja mwenyewe. Akauliza kama nina kipimo kwenye mkoba. Nikasema ninacho, cha kumpima nani?

"Mustafe. Kabla hajaniamulia, ajijue."

Ametoka amewaomba wanawake wote wakae uani. Pazia limefungwa katikati ya chumba, mwanamume akae upande wa pili. Mama Nafiso ameketi upande wetu, bega kwa bega na Kaaha. Saynab ananitazama, sharti la kampuni, asijue mtu yeyote, liko machoni mwake. Ninalijua. Nimefunga mkoba, nikaufungua tena.

Gari limesimama nje. Billow anasalimiana na mtu. Mustafe anavua viatu mlangoni.

Nilijaribu kuinuka. Kaaha amenishika mkono, amesema nikae, atakayesema ni yeye. Nimekaa.